Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mihtasari Tuliyoipoteza Wenyewe

Ndugu wanachama,

Taarifa ya mwaka kwa desturi huanza na shukrani. Yangu itaanza na aibu, shukrani zitafuata.

Mwanzoni mwa mwaka katibu alitaka kujua ni mkutano mkuu upi ulioamua kwamba chama, ambacho kazi yake ni kuhifadhi karatasi za waandishi na wasanii, kisinunue miswada, kipokee tu inayotolewa kwa hiari. Lilikuwa swali la dakika 5. Alifungua kabati, akashusha majalada ya mihtasari, akakuta miaka 3 mfululizo haimo. Haikuliwa na mchwa wala haikulowa. Haikuwahi kuingia kabatini. Sisi tunaowaasa waandishi na vikundi vya sanaa watunze karatasi zao, za kwetu hatukujua ziliko. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini mganga huyu hata mkoba wake alikuwa ameupoteza.

Baada ya wiki kadhaa za kuulizana, mihtasari ilipatikana nyumbani kwa marehemu mweka hazina wetu wa zamani, ndani ya sanduku la nguo, chini ya mashati yaliyokunjwa vizuri. Mjane wake alitupokea kwa upole ambao hatukuustahili. Baada ya msiba alikuwa amepiga simu ofisini mara 2 kuuliza karatasi zile azipeleke wapi, na hakuna aliyemrudia. Sandukuni mlikuwa na mihtasari ya miaka 2 kati ya ile 3, daftari la hesabu, mhuri wa chama ambao tulidhani umeibwa tukachonga mwingine, na barua moja iliyofunguliwa bila kujibiwa. Hiyo barua nitairudia.

Kisa hiki ndicho kilichotawala vikao vya kamati mwaka mzima, na ndicho kilichozaa mapendekezo mtakayoyapigia kura leo.

Mwandishi huacha warithi, jarida huacha madeni

Tuseme ukweli: chama hiki kwa muda mrefu kimekuwa kikifuata majina. Mwandishi mashuhuri akifariki, kabla ya arobaini tumeshaanza kuulizana nani anafahamiana na familia. Kikundi cha maigizo kikivunjika, jarida la fasihi likifungwa, au chama cha washairi kikiacha kukutana, hakuna anayeuliza chochote. Mwandishi ana watoto, na hata wasipoipenda kazi yake wanajua kwamba makaratasi yale yalikuwa ya baba au mama. Jarida lina nini? Lina kodi ya pango ambayo haijalipwa na mwenye nyumba anayetaka chumba chake. Majalada hutangulia jalalani kabla hata ya meza.

Mswada unaweza kukuonyesha mwandishi alivyofuta sentensi akaiandika upya. Kwa nini kitabu kile kilichapishwa na kingine hakikuchapishwa, nani alilipa nauli ya mwandishi kwenda mkutanoni, nani alikataa kipindi chake kisirushwe redioni, hayo mswada hauyasemi. Yako kwenye barua za ofisi, ripoti za wasomaji wa miswada na stakabadhi. Ni karatasi zinazochosha kusoma, nakiri. Mimi mwenyewe nimewahi kusinzia juu ya daftari la malipo.

Chukueni mfano wa Transcription Centre. Ilikuwa ofisi ndogo iliyoanzishwa London mwaka 1962 chini ya Dennis Duerden, kazi yake ikiwa kurekodi mahojiano na vipindi kuhusu waandishi na wasanii wa Afrika na kuvipeleka kwenye vituo vya redio. Ilidumu hadi 1977. Ofisi ya aina hiyo ikifungwa, kwa kawaida hupotea bila kuacha alama. Hii haikupotea: majalada yake leo yako Harry Ransom Center, kwenye Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Mtafiti wa Wole Soyinka, Lewis Nkosi au Ezekiel Mphahlele hana budi kupita humo pia, kwa kuwa miaka ile waandishi wengi walikuwa wakihangaika na nauli na ujira wa vipindi, na mahangaiko ya namna hiyo huandikwa kwenye barua za ofisi, hayaandikwi kwenye riwaya.

Tufuate fedha sasa. Ofisi ile ilianza kwa msaada wa Congress for Cultural Freedom, shirika lililoundwa Berlin mwaka 1950, ambalo pia liligharimia mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962. Mwaka 1966 na 1967 magazeti na majarida ya Marekani yakafichua kwamba nyuma ya shirika hilo kulikuwa na fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Waandishi wengi waliokula kiapo cha uhuru wa sanaa walijikuta wakiulizwa walijua nini na lini. Ubishi huo haujaisha mpaka leo, na wanaotaka kuubishana kwa ushahidi huenda Chuo Kikuu cha Chicago, ambako nyaraka za Congress zimehifadhiwa. Nani aliomba kiasi gani, kwa maneno gani, akajibiwa nini: mambo haya hayakai kwenye kumbukumbu za wazee wala kwenye tawasifu, kwa sababu kila anayesimulia anajisimulia mwenyewe. Yanakaa kwenye nakala ya barua iliyopigwa taipu na karani asiyejua kwamba itasomwa.

Kadhalika wachapishaji. African Writers Series, mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann, ulianza mwaka 1962, Chinua Achebe akiwa mhariri mshauri kwa miaka 10 ya mwanzo. Nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Vitabu vyenyewe mnavyo kwenye rafu zenu. Msichokuwa nacho ni barua za wahariri na maoni ya waliosoma miswada kabla ya uamuzi. Nyaraka za mchapishaji zina faida moja isiyopatikana kwingine: hutaja hata waliokataliwa. Kuna watu wameandika kitabu kizima, na alama pekee waliyoacha duniani ni ukurasa mmoja wa msomaji aliyesema hapana.

Maboksi ya kikundi cha maigizo

Mwaka huu tulipokea mikusanyo 3. Miwili ni midogo: barua za mfasiri mmoja na madaftari ya mtunzi wa nyimbo za watoto. Yote miwili imeshaorodheshwa na inasomeka. Wa tatu ndio uliotufundisha kazi.

Kikundi kimoja cha maigizo kilifunga ukumbi wake baada ya miongo 3. Viongozi walitupigia simu Ijumaa, ukumbi ukikabidhiwa Jumatatu. Tulikwenda Jumamosi kwa gari la kuazima, tukakuta maboksi 14 kwenye chumba cha kubadilishia mavazi, katikati ya vinyago na kanga za jukwaani. Kabla ya kuyabeba, mweka hazina wetu alipiga picha kila boksi kwa simu yake, likiwa wazi na kisha likiwa limefungwa. Tulimcheka. Tulikuja kumwomba radhi.

Ilikuwa hivi: kijana mmoja wa kujitolea, mwenye bidii na nia njema, aliachwa na maboksi yale kwa wiki moja. Tuliporudi alikuwa ameyapanga upya yote: barua zote pamoja kwa tarehe, stakabadhi zote pamoja, matangazo yote pamoja, picha zote pamoja. Yalipendeza kuyatazama. Lakini kikundi kile hakikuwa kikipanga karatasi kwa aina. Kilipanga kwa mchezo. Kila mchezo ulikuwa na bahasha yake, na ndani yake mna mswada uliochorwachorwa na mwongozaji, hesabu ya tiketi za kila usiku, barua ya mtu aliyelalamika, na risiti ya mbao za jukwaa. Risiti ya mbao ikiwa peke yake ni risiti ya mbao. Ikiwa kando ya mswada ambao tukio la pili limefutwa lote, inakwambia kwamba tukio lilifutwa kwa sababu mbao hazikutosha.

Kanuni hii si yetu. Ufaransa iliitolea waraka mwaka 1841, kwamba nyaraka za chombo kimoja zisichanganywe na za chombo kingine, na Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, mwaka 1898 wakaiandikia kitabu cha mwongozo na kusisitiza kwamba mpangilio aliouacha mwenye nyaraka uheshimiwe. Mhifadhi yeyote huifundishwa mwezi wa kwanza. Sisi tulisahau kumfundisha kijana, na kosa hilo ni la mwenyekiti. Kwa msaada wa zile picha za simu, yeye mwenyewe alitumia siku 4 kurudisha kila karatasi kwenye bahasha yake, pasipo kunung'unika. Sasa ndiye anayewafundisha wageni. Picha kabla ya mkono: hiyo ni sheria ya chama tangu siku ile.

Kuna mjadala ambao haukuisha kwenye kamati, nanyi mnaweza kuuendeleza. Baadhi yetu huamini kwamba mkusanyo haujawa tayari mpaka kila pini imetolewa, kila karatasi imenyooshwa, kila bahasha imebadilishwa kwa isiyo na asidi. Mwaka 2005 Mark Greene na Dennis Meissner, wahifadhi wa Marekani, waliandika makala iliyowatia wenzao tumbo joto: walisema mtindo huo ndio unaofanya mikusanyo ilale ghalani miaka na miaka huku wasomaji wakisubiri. Mimi niko upande wao. Pini iliyoshika kutu itolewe, kwa sababu kutu hula karatasi. Pini nzima katika ghala kavu haimdhuru mtu. Orodha ya kurasa 4 inayosomwa mwaka huu ina faida kuliko orodha ya kurasa 40 itakayokamilika mwandishi akiwa ameshasahaulika. Mzee wetu wa kitengo cha uhifadhi hakubaliani nami, na kila nikipita mezani kwake ananionyesha kopo lake la pini.

Familia, hati na barua za watu wengine

Tulikaa na familia 5 za waandishi mwaka huu. Mbili zimekubali kukabidhi, moja imekataa, mbili bado zinatafakari. Sitawataja, na naomba wanachama wasiwataje huko nje. Mazungumzo haya hufa yakisikika mapema.

Mara nyingi familia huogopa jambo lisiloogopesha na huacha kuogopa linaloogopesha. Wanaogopa tutaiba hakimiliki. Hatuwezi. Karatasi ni kitu kimoja, haki ya kuchapisha maneno yaliyomo ni kitu kingine, na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda haki hiyo kwa uhai wa mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Mwenye kupewa karatasi hakupewa maneno. Mwandishi wa Marekani J. D. Salinger alilithibitisha hilo mahakamani mwaka 1987: barua zake zilikuwa kwenye maktaba za vyuo vikuu, yeyote aliyeruhusiwa angeweza kuzisoma, lakini mwandishi wa wasifu wake, Ian Hamilton, alizuiwa kuzichapisha, hata kwa kuyazungushazungusha maneno.

Wanachopaswa kukiogopa ni kukabidhi bila hati. Franz Kafka, mwandishi wa riwaya wa Prague, alifariki mwaka 1924 akiwa amemwagiza rafiki yake Max Brod achome kila alichokiacha. Brod hakuchoma, na mwaka 1939 alitoka Prague na miswada mkobani. Tunamshukuru. Lakini Brod naye alipofariki mwaka 1968 karatasi zilibaki kwa katibu wake, kisha kwa binti za katibu, na wosia ulikuwa na maneno yanayoweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Israeli, ambayo mwaka 2016 iliipa Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo karatasi zile. Masanduku ya mwisho yaliyokuwa benki Uswisi yalifika maktabani mwaka 2019. Toka kifo cha Brod ni zaidi ya nusu karne, kwa sababu ya aya moja isiyoeleweka. Ndiyo maana hati yetu ya makabidhiano sasa ina kurasa 2 tu, na kila sentensi inajibu swali moja: nani anatoa, anatoa nini, nani aone, lini zifunguliwe, nini kifanyike na tusichokihitaji.

Na kuchoma je? Nimeulizwa na mwanachama mmoja kama tumtetee mwandishi anayetaka kuchoma. Philip Larkin, mshairi aliyekuwa pia mkutubi wa Chuo Kikuu cha Hull, aliandika mwaka 1979 kuwahimiza wenzake wakusanye miswada ya waandishi walio hai. Alisema mswada una thamani ya namna mbili: ile ya kichawi, kwamba hii ndiyo karatasi yenyewe aliyoishika mkononi, na ile ya kimaana, kwamba unatusaidia kuielewa kazi yake. Alipofariki mwaka 1985, shajara zake zilipitishwa kwenye mashine ya kukatakata karatasi, kwa matakwa yake mwenyewe. Kwa hiyo hata mhubiri wa uhifadhi alikuwa na kabati ambalo hakutaka lifunguliwe. Msimamo wangu ni kwamba mwandishi aliye hai ana haki ya kuchoma cha kwake. Sisi kazi yetu ni kumweleza kwamba kuna njia ya tatu kati ya kuchoma na kuanika: kufunga kwa miaka 30, au 50, au mpaka wahusika wote watakapokuwa wameondoka. Wengi wakiisikia njia hiyo, kiberiti hukiweka chini.

Zinakokwenda

Mkutano wa mwaka jana ulinitaka nieleze msimamo wa kamati kuhusu miswada inayouzwa nje. Nitaeleza wangu, kamati imegawanyika.

Karatasi za Achebe ziko Houghton Library, Harvard. Za Soyinka ziko huko huko. Za Nadine Gordimer ziko Lilly Library, Chuo Kikuu cha Indiana. Za J. M. Coetzee ziko Austin. Bessie Head, kinyume chake, nyaraka zake ziko kwenye jumba la makumbusho la Khama III, Serowe, Botswana, mji ambao aliishi na kuuandika, na anayetaka kumsoma hupita kwanza kwenye vumbi alilolikanyaga.

Ni rahisi kumlaumu anayeuza. Mwandishi hana pensheni. Maboksi yale mara nyingi ndiyo akiba pekee ya uzeeni, na aliyeyanunua ana chumba chenye ubaridi wa kipimo, mlinzi, na watu wa kuyaorodhesha. Sisi tuna nia njema na feni. Lakini mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya mwandishi wa kwao asilazimike kuomba viza ili asome daftari lake. Kwa hiyo nasema: anayeuza auze, ila aweke sharti la nakala za kidijiti. Linawezekana. Harry Ransom Center ilipata karatasi za Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia, mwaka 2014, na kufikia mwisho wa 2017 ilikuwa imeweka kwenye intaneti picha zaidi ya 27,000 za kurasa hizo, bure kwa kila mtu. Sharti hilo tumeliandika kama aya moja ambayo mwandishi yeyote anaweza kuichukua na kuipachika kwenye mkataba wake. Iko kwa katibu.

Na tusiwasahau wakusanyaji. Mashairi mengi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, yametufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua, miongo kadhaa baada ya kifo cha mshairi, aliyatafuta vinywani mwa watu akayaandika, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayatolea maelezo. Hati hizo leo ziko kwenye chuo cha SOAS, London. Jina la Muyaka linajulikana na kila mwanafunzi. La Sikujua wangapi wanalijua? Katika orodha zetu, kuanzia mwaka huu, aliyenakili na aliyekusanya wanatajwa mstari wa pili, mara tu baada ya mtunzi.

Kanda na kompyuta

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu tumefanya kidogo.

Ndani ya maboksi ya maigizo mlikuwa na kanda za sauti 31. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, zilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku: mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena, vipuri vinaisha, na wataalamu walikuwa wakikubaliana kwamba karibu na mwaka 2025 kuhamisha makusanyo makubwa kwenye mafaili kutakuwa hakuwezekani tena kwa wengi. Mwaka huo umetufikia tukiwa na mashine moja nzima na moja ya kunyofolea vipuri. Kanda 12 zimehamishwa. Katika moja anasikika mwongozaji akimgombeza mwigizaji kwa dakika 9, kisha wote wanaangua kicheko. Hakuna mchezo wao uliorekodiwa ambao ni mzuri kama ugomvi ule.

Kompyuta ni shida nyingine. Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, kilipopokea nyaraka za mwandishi Salman Rushdie mwaka 2006, kilipokea pia kompyuta zake, na mwaka 2010 wasomaji wakaweza kuketi mbele ya programu inayoigiza kompyuta yake ya zamani ya Macintosh, wakaona mafaili kama yeye alivyoyapanga. Sisi hatuna uwezo huo. Tunachoweza ni kumwomba mwandishi aliye hai atuandikie nenosiri kwenye karatasi, tuifunge kwenye bahasha, aitie saini juu ya gundi. Barua pepe za mwandishi mmoja tuliyemfuatilia zimefungiwa milele. Watoto wake wamejaribu siku za kuzaliwa za familia nzima.

Ghala

Tumenyanyua rafu zote za chini kutoka sakafuni. Sababu ni moto wa Chuo Kikuu cha Cape Town wa tarehe 18 Aprili 2021, ulioteketeza chumba cha kusomea cha Jagger. Milango ya kuzuia moto ilijifunga na kuziokoa nyaraka nyingi zilizokuwa ghorofa ya chini ya ardhi, kisha maji ya kuzimia moto yakashuka huko huko, na watu wa kujitolea wakalazimika kuyatoa masanduku kwa mikono, wamepanga mistari. Hatuna ghorofa ya chini, ila tuna bomba linalopita juu ya rafu ya barua. Mwenye nyumba ameahidi kulihamisha. Aliahidi mwaka jana pia.

Ile barua

Barua ya sandukuni iliandikwa miaka 11 iliyopita na mshairi aliyekuwa pia mwandishi wa michezo ya redio. Alisema anahamia nyumba ndogo ya mwanawe, hana pa kuweka maboksi yake 6, na kwamba angefurahi chama kikiyachukua kabla ya mwezi kwisha. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kumeandikwa "ijadiliwe". Mihtasari tuliyoipata inaonyesha kwamba kikao kilichofuata hakikutimiza akidi, na cha baada yake kilikuwa na ajenda nyingine.

Tulimtafuta. Amefariki. Familia ilituambia bila ukali kwamba maboksi yalikaa barazani misimu 2 ya mvua, kisha yakachomwa. Kilichobaki ni daftari moja la shule, kwa sababu mjukuu wake alipata kurasa tupu nyuma akazifanyia hesabu. Mbele mna michezo 2 ya redio ambayo haikurushwa, nyuma mna kuzidisha na kugawanya, na alama za mwalimu kwa wino wa kijani. Mjukuu, ambaye sasa ni mtu mzima, ametukabidhi kwa hati. Mwanakamati mmoja alipendekeza kwenye orodha tuandike kurasa za mtunzi tu. Hapana. Tumeandika zote, hesabu zikiwemo.

Mapendekezo, fedha na mengineyo

Kamati inawaomba mpigie kura mambo matatu. Kwanza, nusu ya safari za mwaka ujao za kuchukua maboksi ziwe za vikundi, majarida na vyama vilivyofungwa au vinavyoelekea kufungwa, si za waandishi binafsi. Pili, mihtasari ya kila kikao itiwe saini na nakala yake iingie kabatini ndani ya siku 30, na hakuna ofisa atakayeondoka madarakani bila hati ya makabidhiano inayotaja alichonacho nyumbani. Tatu, barua yoyote inayotoa karatasi ijibiwe ndani ya siku 14, hata kama jibu ni kwamba hatuna nafasi na tunamwelekeza kwingine, akidi isingojewe.

Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Kwa ufupi, tumetumia zaidi kuliko tulivyokusanya, kwa sababu ya bahasha na ile mashine ya kanda. Ada za wanachama wengi hazijalipwa, na orodha ya majina imebandikwa mlangoni. Baadhi yenu mmeshaiona, maana mmeingia kwa mlango wa nyuma.

Shukrani nilizoahidi: kwa mjane wa marehemu mweka hazina, ambaye chama kimemwandikia barua ya kuomba radhi na ambaye ameketi nasi leo safu ya mbele, kwa yule kijana wa siku 4, kwa mzee wa kopo la pini, na kwa mweka hazina na simu yake.

Mihtasari ya mwaka mmoja bado haijulikani iliko. Aliyekuwa katibu mwaka ule yuko ukumbini, na amenihakikishia kwamba jioni hii ataangalia tena juu ya kabati, nyuma ya masufuria.